Wataka kuwa daktari wa watu wako? Jiulize kwanza ni kwa nini

Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za wanafunzi waliobebwa juu juu na jamaa zao. Wakiulizwa wangependa kusomea nini, wengi hujibu, "Udaktari." Wakiulizwa sababu, jibu huwa fupi: "Nataka kusaidia watu."

Jibu hilo si baya. Lakini huenda wewe msomaji umezaliwa Tiaty, Loima au kaskazini mwa Wajir, mahali ambapo kumfikia daktari ni safari ya siku nzima. Ikiwa nia yako ni kurudi kuwahudumia watu wa huko, unahitaji jibu lenye mizizi mirefu zaidi.

Huko Marekani, anayetaka kuwa daktari husoma kwanza digrii ya miaka 4, ndipo aombe nafasi katika chuo cha udaktari. Katika maombi hayo huandika insha ya kueleza kinachomsukuma, kisha huitwa ahojiwe. Hapa kwetu, alama za mtihani ndizo huamua kwa kiasi kikubwa. Swali hilo basi inakubidi ujiulize mwenyewe, tena mapema. Masomo yenyewe ni miaka 6, na baada yake kuna mwaka 1 wa mazoezi hospitalini.

Daktari wa kwao ana faida gani?

Chukua mfano wa kala-azar, maradhi yanayopatikana Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit na Wajir. Huenezwa na usubi, kidudu kidogo kuliko mbu, ambacho katika sehemu hizo hupenda kujificha ndani ya vichuguu. Mgonjwa huwa na homa kwa majuma mengi, hukonda, hupungukiwa na damu, na bandama yake huvimba mpaka tumbo likajitokeza. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa.

Daktari aliyekulia mjini huenda akadhani ni malaria, akatoa dawa za malaria na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Wewe uliyewaona watoto wakikaa juu ya vichuguu jioni wakichunga mbuzi, utauliza maswali mengine.

Tiba nayo ina mtihani wake. Ile iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2010 kwa Afrika Mashariki ni sindano kila siku kwa muda wa siku 17. Mfugaji ambaye mifugo yake inahamia malisho mapya hawezi kulala wodini siku zote hizo bila mtu wa kumshikia kazi. Akiondoka siku ya nane, faili huandikwa kwamba mgonjwa ametoroka. Daktari anayeyajua maisha ya ufugaji atazungumza na jamaa siku ya kwanza kuhusu ni nani atabaki na mifugo. Mazungumzo hayo yanaweza kuokoa maisha sawa na sindano yenyewe.

Kuna pia suala la lugha. Fikiria mama anayevuja mkojo tangu alipopata taabu ya kujifungua. Hajui Kiswahili wala Kiingereza, na mkalimani ni mwanawe wa kiume. Je, atasema yaliyomleta? Atasema anaumwa na kichwa, apewe vidonge, aende zake na aibu yake, ilhali maradhi hayo hutibika kwa upasuaji.

Utafiti unasema nini?

Hayo si maneno ya barazani tu. Katika mji wa Oakland, Marekani, watafiti waliwapanga wanaume weusi zaidi ya 600 kwa bahati nasibu, wengine wakaonwa na madaktari weusi na wengine na madaktari wasio weusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba walioonwa na madaktari weusi walikubali zaidi kupimwa maradhi kama kisukari baada ya kuzungumza na daktari. Vipimo vilikuwa vile vile. Kilichotofautiana ni nani aliyeketi upande wa pili wa meza.

WHO nalo, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010, lilizishauri nchi ziwachukue wanafunzi zaidi kutoka mashambani, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kwenda kufanya kazi mashambani. Aidha, lilishauri wanafunzi wapelekwe huko wakiwa bado masomoni. Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret kimekuwa kikifanya hivyo tangu miaka ya 1990, wanafunzi wake wa udaktari wakitumwa vijijini kujifunza miongoni mwa wananchi.

Ipime nia yako

Kuzaliwa mahali peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtumishi wa mahali hapo. Wako waliosomeshwa kwa mbuzi wa kijiji kizima na hawajarudi hata kuamkia. Wako pia wageni waliojifunza lugha ya wenyeji, wakakaa miaka mingi na kupendwa. Kwa hivyo jiulize haya:

Kwanza, je, unayajua maradhi ya kwenu, au unaijua koti nyeupe tu? Nenda zahanati iliyo karibu, umwombe msimamizi akuruhusu usaidie kazi ndogo ndogo wakati wa likizo. Fuatana na mhudumu wa afya wa jamii anapozuru maboma. Ukichoka baada ya juma moja, ni afadhali ujue sasa.

Pili, je, ni lazima uwe daktari? Afisa wa kliniki husoma diploma kwa miaka 3 katika chuo cha mafunzo ya matibabu, KMTC, na mara nyingi ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa, wakati mwingine ndiye peke yake. Wauguzi nao hubeba mzigo mkubwa wa zahanati za mashambani. Ukikosa alama za udaktari, mlango wa kuwatumikia watu wako haujafungwa.

Tatu, je, unatazamia utajiri? Tangu mwaka 2013, hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti, na migogoro ya mishahara haijakosekana. Mgomo wa madaktari uliomalizika mwaka 2017 ulichukua siku 100, na ule wa mwaka 2024 siku 56. Si dhambi daktari kutaka alipwe vyema. Lakini aliyeingia kwa sababu ya pesa pekee hatakaa Lodwar wakati Nairobi inamwita.

Nne, je, utaitunza lugha yako? Miaka 6 ya kusoma kwa Kiingereza yaweza kukufanya ushindwe kumweleza nyanya yako bandama ni nini.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ukishapata majibu, yaandike kwenye karatasi uiweke mahali pema. Siku utakapokuwa umechoka, kitabu cha anatomia kikikulemea na karo haijalipwa, itoe uisome. Ikiwa ndani yake mna jina la mtu unayemjua aliyekufa kwa kukosa daktari, utarudi kwenye kitabu.