Gari lililolala chini ya turubai

Ubavuni mwa kila tairi, karibu na ringi, kuna alama ya umbo la yai yenye tarakimu nne. Wengi wetu hatujawahi kuzisoma. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3416 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2016. Fundi wa gari anayeijua kazi yake, akiitwa nyumbani kwa mstaafu kwenda kuamsha gari lililokaa muda mrefu, huanzia hapo kabla hata hajafungua boneti. Anachuchumaa, anafuta vumbi kwa kidole gumba, anasoma. Mara nyingi tairi bado ni nene, halijawa kipara hata kidogo, ila ubavuni limepasuka nyufa nyembamba kama za udongo wa mbuga mwezi wa Agosti. Watengenezaji wengi husema miaka 10 ndiyo mwisho wa tairi hata kama halijaisha, na hili limefikia uzee wake likiwa limesimama. Tarakimu hizo nne ndizo zilizozaa makala haya, kwa sababu zinagusa swali ambalo kaya nyingi za wastaafu hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Ilemela, hazijawahi kuliweka mezani: mzee na mama waliobaki wawili nyumbani, watoto wameshajitegemea, wanahitaji magari mangapi hasa?

Magari mawili hayaingii getini siku moja. La kwanza ni la enzi za kazi, RAV4 au Land Cruiser kuukuu iliyonunuliwa kwa mkopo, ikapeleka watoto shule na kurudisha familia kijijini kila Desemba. La pili huja na mafao. Habari ya kikokotoo cha mafao msomaji anaijua: tangu Julai 2022 ni kimoja kwa mifuko yote, na mwaka 2024 Serikali ikapandisha malipo ya mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wakipata asilimia 50. Chukua mtumishi wa kundi hilo aliyefanya kazi miaka 35, akiwa na wastani wa mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi katika miaka yake bora. Kanuni inampa mkupuo wa takribani milioni 52 na pensheni ya takribani 521,000 kila mwezi. Siku ile milioni 52 zinapoingia benki, Toyota IST ya milioni kumi na kitu haionekani mzigo. Lakini mkupuo hununua gari tu, kulitunza ni kazi ya zile 521,000. Bima ndogo ya gari binafsi, 118,000 kwa mwaka, ni zaidi ya moja ya tano ya pensheni ya mwezi. Kwa magari mawili inakaribia nusu. Matairi manne na betri vinaweza kumeza pensheni ya mwezi mzima. Na mafuta ya Mwanza husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani, ndiyo maana bei kikomo za EWURA huku kwetu huwa juu kuliko za Dar es Salaam.

Hapa mtu atasema: la pili halitembei, kwa hiyo halili. Fundi ndiye mwenye jibu, na ni vizuri kumsikiliza kituo kwa kituo. Anaanza na betri. Alamu na kompyuta ya gari hunyonya umeme kidogo kidogo hata funguo zikiwa kabatini, na baada ya wiki chache gari halina nguvu hata ya kufungua milango kwa rimoti. Tena magari mengi ya siku hizi ni otomatiki, huwezi kuliwasha kwa kulisukuma hata ukikusanya vijana kumi wa mtaa. Anahamia kwenye breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kama gari halijavuka geti; diski nazo zimeota kutu, pedi zimeng'ang'ania. Anafungua tenki na kunusa. Petroli iliyokaa mwaka imepoteza ile harufu kali inayokujia kituo cha mafuta, inanuka kama rangi iliyoharibika koponi, na mabaki yake yenye kunata huziba nozeli. Akifungua boneti anakuta panya wameshajenga, nyasi na vipande vya magunia juu ya injini, waya zimetafunwa. Gesi ya AC nayo imevuja, kwa sababu mipira inayoizuia hulainishwa na oili ambayo haizunguki mpaka AC ifanye kazi. Sisi wa kando ya ziwa hujifariji kwamba maji yetu ni baridi, hayana chumvi kama upepo wa bahari unaotafuna bodi za magari kule Tanga na Dar es Salaam. Ni kweli, bodi ya gari la Mwanza hudumu. Ila unyevu wa alfajiri unaopanda kutoka ziwani hauhitaji chumvi ili uingie kwenye soketi za umeme na kuvundisha viti chini ya turubai lisilopitisha hewa. Fundi akilifunua tu, harufu inampa nusu ya majibu.

Kuna desturi moja ambayo fundi akiisikia hutikisa kichwa: kuliwasha gari kila Jumapili dakika tano baada ya ibada, kisha kulizima. Mzee anafanya hivyo kwa upendo, akiamini anaitunza injini. Lakini petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na dakika tano hazitoshi kuipasha injini moto kiasi cha kuutoa wote. Maji hubaki kwenye ekzosi yakiitoboa kutoka ndani, mengine huchanganyika na oili. Betri nayo imetumia umeme mwingi kuwasha kuliko uliorudishwa katika dakika hizo. Dawa ni nusu saa ya barabara, tuseme mpaka Usagara na kurudi, magia yabadilike, breki zikanyagwe, matairi yapate joto. Gari ni la kutembea, ndivyo wanavyosema mafundi siku zote. Sasa jiulize mstaafu atatoa wapi petroli ya kuyapeleka magari mawili Usagara kila wiki bila shida yoyote inayompeleka huko. Akiipata, ameliondolea gari la pili sifa pekee aliyokuwa akijivunia, kwamba halili.

Zamani Serikali ilimuuliza mwenye gari swali hili kila mwaka bila kukusudia. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilidaiwa hata gari likiwa juu ya mawe, na madeni yakarundikana kwa magari ambayo hayakuwa yameiona lami kwa miaka. Dk. Philip Mpango, wakati huo Waziri wa Fedha na Mipango, aliifuta katika bajeti ya 2017/18, na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa (mwenye koroboi naye akachangia, jambo ambalo hadi leo sioni haki yake). Kwa mwenye gari uamuzi ulikuwa mwema: anayetembea ndiye alipe. Lakini ulituondolea siku moja ya mwaka ambayo baba na mama walilazimika kukaa, kuweka kadi mbili za gari mezani na kuamua. Siku hizi gari linaweza kulala uani miaka mitano bila mtu kuuliza, na kimya hicho ndicho kinachofanya lionekane la bure.

Hoja nzito kuliko zote ni ya usiku. Presha ya mama imepanda saa nane usiku, mnakaa Kisesa au Buhongwa, hospitali ya Bugando ni mbali, na gari la kwanza liko gereji. Je, si hapo gari la pili linapofanya kazi yake? Hoja hii inatoka kwenye hofu ya kweli na inastahili jibu la heshima. Gari ambalo halijatembea miezi mitatu halina sababu ya kuwaka usiku huo kwa kuwa tu tumelihitaji. Gari la kila siku hutoa taarifa kabla ya kukwama, utasikia breki zikilia, stata ikisuasua asubuhi, na utalipeleka kwa fundi mapema. Lililolala taarifa yake ndiyo kukwama kwenyewe. Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Mgonjwa akiwa mzee, nani anashika usukani? Katika nyumba nyingi za kizazi kinachostaafu sasa, magari yanaweza kuwa mawili na dereva akawa mmoja. Mama amekaa kiti cha kushoto miaka 30. Anazijua njia zote, anajua hata gari linavyokohoa likipanda kilima cha Isamilo, ila hajawahi kuliendesha. Nyumba hiyo imepungukiwa na dereva, na IST ya pili haiwezi kuliziba pengo hilo.

Ningeomba sehemu ndogo ya fedha iliyokusudiwa kununua gari la pili iende huko. Mama wa miaka 58 anaweza kujifunza. VETA inafundisha, shule binafsi za udereva zipo, na njia inajulikana: leseni ya muda ya kujifunzia, mafunzo, mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani, kisha leseni ya daraja D kutoka TRA. Kuna wazee watakaosema ameshachelewa, kwamba barabara za siku hizi zimejaa bodaboda. Bodaboda hao hao ndio wanaomsumbua mzee mwenyewe ambaye mtoto wa jicho ameanza kumnyemelea, na taa za malori ya Barabara ya Kenyatta usiku zinamfanya afumbe jicho moja. Siku inakuja ambayo daktari wa macho atamwambia mzee aache kuendesha. Kama siku hiyo dereva ni yeye peke yake, nyumba itakuwa na magari mawili na haitakuwa na usafiri. Kwa usiku wa dharura yenyewe, wawe na madereva wawili, gari moja lililo hai, na namba ya simu ya dereva teksi au bajaji wa jirani anayelijua geti lao.

Wengine watataja shamba. Mstaafu ana mpunga Sengerema au Magu, anahitaji pikapu, na pikapu si gari la kumpeleka mama kanisani. Hapa hali imebadilika kuliko tunavyokiri. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu kutoka Kigongo hadi Busisi, limefuta kule kusubiri kivuko kulikofanya kwenda Sengerema na kurudi kuwe shughuli ya kutwa. Basi linavuka kwa dakika chache. Mpunga huvunwa kwa msimu, na Kanta ya kukodi siku mbili za mavuno ni nafuu kuliko pikapu inayosubiri miezi kumi. Nakubali kwamba jibu hili halimfikii kila mtu. Mwenye shamba ndani ya mbuga, ambako masika hugeuza udongo kuwa gundi, anahitaji gari la kuvuta magurudumu manne, na Kanta ya kukodi haitamfikia. Huyo akiwa na gari moja, liwe hilo. Je, magoti ya mama yatalipanda kila Jumapili? Sina jibu la jumla.

Na zipo nyumba ambazo magari mawili ni haki yake kabisa. Mume na mke hawastaafu siku moja. Baba amefikisha 60, mama ana 52 na bado anafundisha Misungwi, magari yote yanatoka asubuhi na yote yanarudi na vumbi. Hapo hakuna cha kujadili. Aliyejenga mlimani kati ya mawe yetu, ambako daladala haipandi, naye asiambiwe atembee, gari lake moja ni miguu yake. Jambo gumu zaidi ni msiba. Gari la mzee katika ukoo ni la wote: ndilo linalokwenda kuchukua shangazi Kwimba, linalobeba maharusi, linalotangulia makaburini. Kumwambia mzee auze ni kumwomba aseme "sina" mbele ya watu waliozoea kusikia "lichukueni". Heshima hiyo haina bei kwenye kadi ya gari, na sioni mtu wa nje anayeweza kuipima kwa niaba yake. Nitasema hili tu: gari lililokufa betri halijawahi kumfikisha shangazi kokote, na wanaoomba funguo mara chache huja na mafuta.

Bei ya dalali itauma. Atazunguka gari mara mbili, atataja kiasi kinachofanana na tusi, na mzee atarudisha turubai akisema bora likae. Mwaka unaofuata dalali yule yule atataja pungufu, kwa sababu zile tarakimu nne zimezeeka mwaka mmoja zaidi na yeye anajua kuzisoma. Kwa hiyo, mzee wangu, Jumamosi hii funua turubai kukiwa na mwanga, chuchumaa, futa vumbi na usome. Kama tairi lina umri mkubwa kuliko mjukuu wako anayekwenda shule, muite fundi alifufue gari mara moja tu, kwa ajili ya mnunuzi. Halafu ufunguo wa akiba wa gari linalobaki, ule ulio kwenye droo, mpe mama.