Mashua ya Simiti na Tangi Lako la Maji

Ukiambiwa kwamba simiti huelea majini, huenda utacheka. Hata hivyo, mwaka 1848 Mfaransa Joseph-Louis Lambot alitengeneza mashua kwa chuma chembamba na simiti, na mwaka 1855 akaionyesha mjini Paris. Yafaa uelewe kazi hiyo, kwa maana mashua ya namna hiyo na tangi la maji shambani mwako ni ndugu.

Kuelea si ajabu. Sufuria huelea kwa kuwa ndani yake mna nafasi tupu. Chombo huelea ikiwa maji kinayoyasukuma kando yana uzito sawa na chombo chenyewe pamoja na mizigo yake. Lakini simiti na mchanga ni vizito kuliko maji mara mbili na zaidi. Mbavu zikiwa nene, mizigo sharti ipunguzwe. Zikiwa nyembamba, huenda zikavunjika. Hiyo ndiyo taabu ya kwanza ya mafundi.

Taabu ya pili ni nyufa. Simiti hustahimili sana kugandamizwa, lakini ikivutwa hupasuka upesi. Wimbi likiinua meli katikati, ncha huinama na sehemu ya juu huvutwa. Likiinua ncha, sehemu ya chini huvutwa. Kwa hiyo chuma kilichomo ndani ndicho hushika mvuto huo. Waya nyingi nyembamba, zilizosukwa kama wavu, huzuia ufa usipanuke. Kwa njia hiyo Mwitaliano Pier Luigi Nervi alitengeneza mwaka 1945 meli ya tani 165 yenye mbavu za unene wa milimita 35 tu.

Taabu ya tatu ni kutu. Maji yakipenya hadi kwenye waya, waya hushika kutu, kutu huvimba, na simiti hubanduka.

Tena, simiti haipendi kugongwa. Meli ya Selma, iliyoshushwa majini Marekani mwaka 1919, iligonga ukuta wa bandari ya Tampico, Mexico, mwaka 1920, ikatoboka vibaya. Mafundi walishindwa kuitengeneza, na mwaka 1922 ilizamishwa karibu na Galveston.

Sasa litazame tangi lako. Mashua husukumwa na maji kutoka nje. Tangi husukumwa kutoka ndani, na ukuta wake huvutwa pande zote, hasa chini ambako maji ni mengi. Tangi likipasuka, fedha zako zimepotea, na watoto watarudi mtoni na madebe. Basi kumbuka haya:

1. Jenga tangi la mviringo, maana pembe hupasuka upesi. Zungusha waya nyingi zaidi sehemu ya chini.

2. Tumia mchanga safi usio na udongo wala chumvi.

3. Usizidishe maji ili kazi iwe rahisi. Mfuko wa kilo 50 watosha lita 20 hadi 25, pamoja na unyevu uliomo mchangani. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu vya kuvuja.

4. Funika waya zote kabisa; hata ncha moja isionekane.

5. Usiache ukuta ukauke kwa jua. Ufunike kwa magunia na kuyalowesha kila siku kwa muda wa siku 14.

Fundi akikuambia siku 3 zatosha, usikubali. Simiti hupata nguvu ikiwa na unyevu. Ikikauka mapema hubaki dhaifu.