Maua ya Mlangoni, Maua ya Dirishani: Kutoka Pwani hadi Rumonge

Ua la pambo kwenye jengo haliwekwi popote tu. Mara nyingi fundi hulitia pale kazi inapoungana, inapoishia au inapoachwa wazi: kichwani mwa nguzo, katikati ya kizingiti cha juu, penye tundu la hewa. Wamisri wa kale walimalizia nguzo za mahekalu yao kwa mafunjo na yungiyungi, Wagiriki kwa majani ya akantho.

Pwani ya Waswahili nayo ina ushahidi wa siku nyingi. Kwenye mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ambayo ncha za herufi zake huchipua majani. Misikitini sura za watu na wanyama huepukwa, hivyo mmea ukajitwalia nafasi yote. Milango ya nakshi ya Unguja na Lamu ilikuja baadaye sana. Humo miimo hupandwa na bua linalojirudia kutoka chini hadi juu, kizingiti cha juu hubeba aya au maua ya duara, na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mwachano wa mbao mbili za mlango, hupewa safu yake ya maua. Enzi za Sayyid Barghash (1870–1888) ilipendwa milango yenye tao juu na majani manene yaliyojikunja, kwa mtindo wa Kihindi. Watembezaji wa watalii husema yungiyungi ni uzazi na mtende ni neema. Huenda, ila fundi aghalabu alichonga alichofundishwa na mwalimu wake.

Bara hali ni nyingine: mapambo ya asili ya Burundi, kama yanavyoonekana kwenye vikapu na mikeka, ni ya pembe na mistari zaidi kuliko maua. Watu wa pwani walifika Ziwa Tanganyika kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Huko Kwihara, karibu na Tabora, tembe alimokaa msafiri Mwingereza David Livingstone mwaka 1872 lina miimo iliyochongwa kipwani. Kutoka Ujiji vyombo vilipanda kaskazini, na Uislamu na Kiswahili vikatia mizizi Rumonge, mji wa Burundi ulio ufukweni mwa ziwa. Hata hivyo, mji huu haujulikani kwa milango ya nakshi. Ua la leo ufukweni hutafutwa kwenye saruji na chuma.

Ufuko uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, chini kabisa ya milima ya Burundi, na joto lake linataka ukuta unaopumua. Ndiyo kazi ya matofali ya matundu. Mchanga na saruji huchanganywa kwa maji machache, hushindiliwa kwenye kalibu, kisha tofali hutolewa na kuwekwa kivulini, likinyunyiziwa maji kwa siku kadhaa lisipasuke. Katika mchoro mmoja unaopendwa sana kila pembe ya tofali ina kipande kidogo tu cha mviringo, wala tofali likiwa peke yake halina ua lolote. Ua hutokea ukutani, matofali manne yanapokutana, na kiini chake ni makutano ya udongo wa kuungia. Fundi akikosea kwa upana wa kidole, petali hazilingani, na kosa hilo huonekana toka barabarani.

Kwenye geti na dirisha, fundi wa kuchomelea hukunja nondo nyembamba kuzunguka kipande cha bomba kilichofungwa mezani, akapata petali moja baada ya nyingine za ukubwa ule ule. Petali huunganishwa kwenye kisahani kidogo, na kisahani hupachikwa pale nondo mbili zinapokatana, kikificha alama ya moto. Mvua za ufukweni hazikisamehe: nyuma ya kisahani brashi ya rangi haifiki vizuri, maji hukwama, na kutu huanzia hapo.