Betri Haina Kosa: Yaliyotupata Mwanza na Gari Kuukuu



Wengi wenu mmekwisha kuliona gari la Land Rover lililoletwa kwa kazi ya kuchukua karafuu mbichi kutoka mashambani mpaka majamvini. Tulitumwa sisi wawili kulinunua Mwanza, na kwa kuwa lilitulaza kabla hata halijatoka mjini, twaona ni haki tueleze sababu yake. Mwenye gari kuukuu huku kwetu aweza kupatwa na jambo lilo hilo, tena usiku ambao karafuu zimo ndani ya magunia. Kila mmoja wetu ajua ya kuwa karafuu mbichi zikilala zimelundikana hupata moto, na kesho yake hata ukizianika hazitoki na rangi yake.

Gari lenyewe ni Series III, aina iliyoanza mwaka 1971. Siku ya kulinunua liliwaka mara moja. Tukalijaribu kwa kufuata njia ya Sengerema, tukavuka lile daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, ambalo limewaondolea watu taabu ya kungojea kivuko, tukarudi mjini jioni tumeridhika. Asubuhi tukafungua swichi; starta ikagonga mara moja, ikanyamaza. Vijana wa jirani wakatusukuma mpaka likawaka.

Fundi wa kwanza tuliyemwendea hakupima kitu. Alitazama betri, akasema imekufa. Nasi, kwa haraka zetu, tukanunua mpya, na ile ya zamani tukaiacha dukani kwa bei ya chakavu. Asubuhi ya pili yake gari likalala vile vile, na betri mpya ndani.

Hapo ndipo tulipopelekwa kwa mzee mmoja achajiye betri karibu na ziwa, upande wa Kirumba. Yafaa mjue ya kuwa watu wa mwambao ule wamezizoea sana betri. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi wavuvi wengi wana taa za umeme za betri. Mzee huyu alikuwa na betri zimepangwa ukutani kama vibuyu vya mgema.

"Mwangaluka, ndugu zangu," akatuamkia. "Ile betri ya kwanza iko wapi?"

Tulipomweleza akatikisa kichwa. "Basi hatutajua kamwe kama ilikuwa na kosa."

Kwanza akaipima betri mpya: volti 11.6, yaani tupu. Akaitoa garini, akaichaji usiku kucha. Asubuhi akaiacha itulie bila waya wowote, na ilipofika adhuhuri ikasoma 12.7. Betri ya volti 12 iliyotulia ikisoma 12.6 au zaidi imejaa, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 msiitegemee. Kwa kuwa haikushuka ikiwa peke yake, akasema betri ni nzima, na mwizi yumo ndani ya gari.

Kumtafuta mwizi alitumia taa ndogo ya gari iliyofungwa nyaya mbili, kitu ambacho kila mwanachama aweza kujitengenezea. Gari likiwa limezimwa, milango imefungwa, alifungua waya wa upande wa hasi, akaiweka taa ile kati ya waya na kichwa cha betri. Katika gari la zamani lisilo na saa wala redio, taa haipasi kuwaka. Yetu iliwaka kabisa. Akaanza kutoa fyuzi moja moja, taa ikaendelea kuwaka, nasi tukaanza kukata tamaa. Kisha akachomoa plagi iliyo nyuma ya altaneta. Taa ikazimika.

"Mlipoamka asubuhi zile, mliishika altaneta?" akatuuliza. Hatukuishika, nani angefikiri? Akatueleza kwamba ndani ya altaneta mna vidude viitwavyo daiodi, ambavyo kazi yake ni kuruhusu umeme uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Kimoja kikiungua, umeme hurudi usiku kucha, na altaneta huwa na uvuguvugu asubuhi ingawa injini imelala baridi. Uvujaji wa ampea 2 kwa saa 12 ni ampea-saa 24, karibu theluthi ya betri kama yetu, na mchana altaneta hiyo hiyo mbovu haiwezi kurudisha yote. Tukakumbuka ya kuwa taa nyekundu ya dashibodi ilikuwa ikimulika kwa mbali hata tulipokuwa tukienda. Sisi tuliona ni uzee tu.

Hapa tutaje kosa moja ambalo huku kwetu bado twaliona kila siku. Kuna wenye kufungua waya wa betri injini ikiunguruma ili waone kama gari litaendelea kuwaka. Katika magari ya dainamo watu walikuwa wakifanya hivyo wakapona. Kwenye altaneta msifanye, maana volti huruka ghafla na kuunguza daiodi hizo hizo. Hatuwezi kuapa ya kuwa ndilo lililotokea kwa gari letu, lakini mzee alilishuku sana.

Baada ya kutiwa daiodi nyingine, injini ikawashwa. Kwenye altaneta mita ilisoma 14.1, bali kwenye betri ikasoma 13.2 tu. Sisi tulikuwa tayari kulipa na kuondoka. Mzee akakataa, akasema volti 0.9 haziwezi kupotea bure. Akaingia chini ya gari, akafungua waya mnene unaounganisha injini na chasisi. Chini ya bolti palikuwa na kutu na rangi. Akapapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapaka grisi. Betri ikasoma 14.0. Kama hali ni hiyo Mwanza, kwenye ziwa la maji baridi, fikirini magari yetu yanayopigwa na upepo wa chumvi.

Juu ya maji ya betri, alituonya tusitie ya ziwani wala ya kisimani, ila yaliyotoneshwa, na tusisogeze sigara, kwa kuwa betri ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka. Maji yetu ya visima yana chumvi. Wenye mazoea hayo wamesikia.

Gari lilitoka Mwanza alfajiri ya siku ya tano, likaenda zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam, na kila asubuhi njiani tuliishika altaneta kwanza. Ilikuwa baridi.

Taa ile ya nyaya mbili mzee alitupa. Imo katika sanduku la zana chini ya kiti cha dereva; mwanachama atakayeihitaji na aiazime, ila airudishe.