Sura ya Baba, Ziwa la Mama

Kila Oktoba redio za huku huzungumzia kansere ya ziwa asubuhi hadi usiku. Mwaka huu, mwezi ulipokaribia kwisha, dada mmoja wa Mikelenge, hapa Kindu, anayeuza bikwembe sokoni alinitumia ujumbe wa sauti. Niliusikiliza mara tatu. «Yaya, mama yetu aliondoka na kansere ya ziwa. Mama mkubwa naye ni hiyohiyo. Mimi silali. Lakini baba ananiambia: wewe una sura yangu, pua yangu, hata mwendo wangu, mambo ya upande wa mama yako hayakukugusa. Ni kweli?»

Si kweli. Baba anastahili heshima yake, lakini hapa amekosea, na kosa lake linanipa nafasi ya kueleza kitu ninachokipenda kuliko vyote katika elimu ya mwili. Kansere ni nini, uvimbe unaanzaje, sigara inafanya nini: hayo redio imeyamaliza, nayaruka. Mwigizaji Angelina Jolie aliyeondolewa matiti yote mawili mwaka 2013 baada ya kupimwa, naye namwacha apumzike. Mimi nataka kuzungumzia fundi.

Tuanzie mezani kwa yule dada. (Kindu tunasema bikwembe, vitabuni ni vikwembe, nitaandika kama vitabuni ili tusigombane.) Chukua vikwembe viwili vya chapa ileile, ndege na maua, ndege na maua, toka pindo hadi pindo. Kimoja kinanasa kwenye msumari wa meza na kupasuka kabisa, na kipande kidogo kinapotea. Mshonaji wa haraka atavuta kingo mbili na kuzipiga cherehani. Nguo imeungana, ila ndege mmoja sasa hana shingo. Fundi wa kweli hafanyi hivyo. Anachambua ukingo uliochanika mpaka nyuzi zining'inie, anachukua kikwembe pacha, anapitisha zile nyuzi juu yake akitafuta ni ndege yupi hasa, na akishampata anafuma upya kipande kilichopotea huku akimtazama pacha. Akimaliza, hata mwenye nguo hajui palipochanika.

Hicho ndicho seli inachofanya. Ndani ya karibu kila seli mna uzi wa urithi wenye urefu wa mita 2 hivi, umekunjwa mahali ambapo jicho halioni, umeandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwa mara mabilioni. Uzi huo una nyuzi mbili zilizosokotana, na mara nyingine zote mbili hukatika pamoja. Kwa seli inayogawanyika inakadiriwa hutokea mara 10 hivi kwa siku. Kwa bahati nzuri, kabla ya kugawanyika seli hunakili uzi wake wote, kwa hiyo kwa saa kadhaa kuna vikwembe pacha. Pakikatika, vimeng'enya hutafuna upande mmoja wa kila ncha, mkia ukabaki unaning'inia. Mkia huo huvikwa haraka protini ya kuulinda, na hapo ndipo anapoingia fundi wangu, protini kubwa iitwayo BRCA2. Ina sehemu nane kama mifuko, na humo imebeba protini ndogo za RAD51. Inaziondoa zile za ulinzi na kuzitunga RAD51 juu ya mkia moja baada ya moja, kama shanga. Mkia ukishavaa shanga unaanza kutembea juu ya uzi pacha ukionja. Unajaribu herufi 8 kwanza. Zisipolingana unaachia, unasogea. Zikilingana unaendelea mbele tatu tatu, tatu tatu, mpaka uhakikishe kuwa ndege ni yuleyule. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilimsomea mume wangu kwa sauti, na yeye akaniuliza kama wali umeiva.

Sasa, maelezo ya kumtengeneza fundi huyu, yaani jeni yake, umepewa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. (Usizichanganye na vikwembe pacha: pacha ni wa saa chache, nakala hizi mbili ni za maisha.) Nakala moja nzima inatosha. Aliyerithi moja iliyoharibika anaishi na nakala moja nzima tu katika kila seli tangu tumboni, na hajui, kwa sababu kazi inaendelea. Shida huanza siku nakala ya pili inapoharibika katika seli moja tu ya ziwa. Seli hiyo inabaki na mshonaji wa haraka. Ndege wanakosa shingo, maua yanaungwa na mikia, na kila seli inapogawanyika makosa yanazidi.

Hesabu hii ya mapigo mawili, moja kwa kila nakala, aliipiga Alfred Knudson, Mmarekani, mwaka 1971, akiwa na kumbukumbu za wagonjwa 48 wa kansere ya jicho ya watoto. Aliona kwamba watoto waliorithi waliugua mapema zaidi, na mara nyingi macho yote mawili, kwa sababu walizaliwa pigo la kwanza limeshapigwa. Wengine walihitaji mapigo yote mawili yaangukie seli moja. Hiyo ndiyo sababu daktari anauliza umri wa kuugua, si idadi ya wagonjwa wa ukoo tu. Upande wa ziwa ilibidi kungoja hadi 1990, mtafiti Mary-Claire King alipoonyesha kwamba jeni ya kwanza, BRCA1, imekaa kwenye kromosomu ya 17. Jeni yenyewe ilipatikana 1994, na BRCA2, iliyo kwenye kromosomu ya 13, ikapatikana 1995.

Hapa lazima nigombane na neno. Tanzania wanaouita uzi huu vinasaba wametupa neno zuri la kutamka, lakini ndani yake wameficha nasaba, yaani ukoo. Msomaji akisikia «kansere ni ugonjwa wa vinasaba» anaelewa mara moja kwamba ni ugonjwa wa ukoo, na mkutano wa kumtafuta mchawi unaitishwa. Sehemu kubwa ya madhara yanayotokea kwenye vinasaba haina nasaba yoyote. Mwaka 1991 watafiti walichunguza uvimbe wa ini kutoka kusini mwa Afrika na China wakakuta kosa lilelile, mahali palepale pa jeni TP53: palipokuwa na G pana T. Ungeapa ni ukoo mmoja. Kumbe ni sumu ya ukungu, aflatoksini, ile ya karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Ongeza virusi vya hepatitisi B ambavyo mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, na utaona ndugu watatu wakifa kwa ini huku nakala zao zote za kuzaliwa zikiwa salama. Walichogawana ni virusi na gunia la karanga. Mimi ningependa tuseme «uzi wa urithi» tunapozungumzia kilichotoka kwa wazazi, na «uzi wa seli» tunapozungumzia kilichoharibikia njiani. Wenye kamusi wakinicheka, sawa.

Turudi kwa pua ya baba. Mama mwenye nakala moja nzima na moja mbovu humpa kila mtoto moja, kama kurusha sarafu, nusu kwa nusu. Pua na mwendo vinaongozwa na maandishi mengine mengi yaliyotawanyika kwingine. Mtu anaweza kuwa baba yake mtupu usoni na bado akabeba BRCA2 mbovu ya mama. Tena baba mwenyewe anaweza kuwa ndiye mwenye nakala mbovu: mwanamume huibeba vilevile na kuipitisha vilevile, na kwa sababu kwake kansere ya ziwa ni nadra (tezi dume ni habari nyingine), inapita kwake kimya kama mtumbwi kwenye mto Lualaba usiku.

Ni wangapi? Ibadan, Nigeria, timu ya Olufunmilayo Olopade wa Chicago ilipima wanawake 1,136 wenye kansere ya ziwa, na matokeo yaliyotoka 2018 yalionyesha karibu 15 katika kila 100 wana jeni ya kurithi iliyoharibika. Waliobaki, hapana. Kwa mwanamke mwenye BRCA1 au BRCA2 mbovu, hesabu ya 2017 inasema takriban 7 katika 10 hupata kansere ya ziwa kabla ya miaka 80. Familia zilizohesabiwa si za mkoa wetu wa Maniema, lakini tuendelee.

Kwa sababu kipimo chenyewe cha jeni kiko mbali na Kindu, kipimo cha kwanza ni ulimi, na hapa Kiswahili kinakishinda Kifaransa. Ukimwambia daktari «tante», hajui ni nani. Mama mkubwa, mama mdogo, shangazi: upande umeshajulikana. Ila Kiswahili nacho kina ujanja wake. Mama mdogo anaweza kuwa mke wa pili wa baba, ambaye damu yenu haikutani popote. Kwa hiyo sema pia ni tumbo lipi. Na ukiwa na fundo ziwani usingoje kumaliza kuchora ukoo, nenda hospitali.

Nilimpigia yule dada. Nikamuuliza mama yake alikuwa na umri gani uvimbe ulipoonekana.

«Miaka siijui, yaya. Ila kitinda mimba wetu alikuwa bado mgongoni.»

Nikaandika: kijana. Na mama mkubwa?

«Alikuwa na wajukuu, lakini mpunga wake alilima mwenyewe.»

«Tumbo moja na mama yako?»

Akafikiri. «Hapana. Babu alikuwa na wake wawili. Baba mmoja, matumbo mawili.»

«Basi kama kuna kitu kinachowaunganisha, kilipitia kwa babu.»

«Babu? Babu alikufa mzee sana, hata kikohozi hakuwa nacho.»

«Huyohuyo. Na upande wa baba yako? Shangazi zako?»

Kimya. «Ngoja,» akasema, na nikasikia anamwita baba yake.