Kukoroma, Kukosa Usingizi na Jinamizi: Fahamu Afya ya Usingizi Wako

Dereva anayesinzia kwa sekunde 4 tu, akiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, husafiri karibu mita 90 bila kuiona barabara. Usingizi, kwa hiyo, ni suala la afya na usalama wa jamii nzima.

Mtu anapolala, ubongo wake hauzimiki. Hupita katika mizunguko ya takribani dakika 90, kuanzia usingizi mwepesi, kisha usingizi mzito ambao mwili hujijenga upya, hadi hatua ambayo ndoto nyingi hutokea. Mpangilio huo huongozwa na saa ya mwili inayofuata mwanga na giza. Usiku unapoingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala. Mwanga mkali, ukiwemo wa simu, huichelewesha.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kwa siku, vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10, na watoto wa miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12.

Miongoni mwa matatizo yanayojitokeza mara kwa mara ni kukosa usingizi. Hali hiyo huhesabiwa kuwa sugu inapotokea angalau usiku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3 au zaidi.

Tatizo la pili ni kukatika kwa pumzi usingizini. Njia ya hewa huziba kooni, mgonjwa hukoroma kwa nguvu, hunyamaza, kisha hushtuka akitweta. Kwa kuwa yeye mwenyewe huwa hajui, mwenza wake ndiye shahidi wa kwanza. Hali hiyo huambatana na uchovu wa mchana na shinikizo la juu la damu, na huwapata zaidi watu wenye uzito uliozidi.

Lipo pia jinamizi, ambalo baadhi ya watu hulihusisha na ushirikina. Wakati wa ndoto, ubongo hulegeza misuli ili mtu asitende anayoyaota. Akizinduka kabla misuli haijarejea, hujikuta hawezi kusogea wala kusema, huku akihisi kukandamizwa kifua. Hali hiyo hupita ndani ya dakika chache na kwa kawaida haina madhara.

Wananchi wanashauriwa kulala na kuamka kwa saa zilezile kila siku, kuepuka chai ya rangi na kahawa nyakati za jioni, kuacha pombe kama kiletezo cha usingizi, na kutotumia dawa za usingizi bila ushauri wa daktari. Dereva anayehisi usingizi aegeshe gari mahali salama na apumzike.

Anayekoroma kwa kukatika pumzi, au anayesinzia mchana ilhali amelala vya kutosha, afike mapema katika kituo cha kutolea huduma za afya. Matatizo haya yanatibika.