Kumfuata Mume au Mke Marekani: Viza Si Mwisho wa Safari

Katika parokia zetu za Bukavu, Uvira, Lubumbashi na kwingineko, jamaa nyingi zina mtoto aliyehamia ng'ambo. Wengine walipokelewa Marekani kama wakimbizi, wakapata huko uraia, kisha wakarudi kutafuta mchumba nyumbani. Mahari hutolewa, ndoa huandikwa, hati hupelekwa serikalini. Na baada ya kungoja miezi mingi, hata miaka, viza yafika. Siku hiyo wazee hushangilia kana kwamba kazi yote imekwisha. Sivyo. Kazi ya kwanza imekwisha, na ya pili yaanza. Twapenda kuieleza hiyo ya pili, maana wengi hupatwa na taabu kwa kutoijua.

Kwanza neno la hadhari. Tangu mwaka 2025 serikali ya Marekani imetoa amri kadhaa za kuzuia au kupunguza viza kwa nchi nyingi, na nchi za Afrika zimo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada yo yote au kuuza shamba, ulizeni ubalozi wa Marekani huko Kinshasa. Msiwaulize watu wa mitaani wanaojisifu kwamba wana rafiki ndani ya ubalozi.

Viza za namna mbili

Namna ya kwanza ni ya watu waliokwisha oana. Hapa ndoa iliyoandikwa mbele ya serikali ndiyo inayohesabiwa. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, iliyotolewa mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, yataka hata ndoa ya kimila iandikishwe kwa mwandishi wa serikali. Picha za arusi hazitoshi, wala cheti cha kanisa peke yake.

Namna ya pili ni viza ya mchumba, iitwayo K-1. Raia wa Marekani tu ndiye awezaye kumwombea mchumba wake, na kwa kawaida ni lazima wawe wameonana uso kwa uso katika miaka miwili iliyotangulia ombi. Mchumba akiisha kuingia, siku 90 zimewekwa: katika siku hizo sharti aolewe na yule yule aliyemwombea, wala si mwingine. Siku hizo haziongezwi. Wakiisha kuoana, huomba kadi ya ukaaji kwa fomu I-485. Mpaka apate kibali, haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara.

Namna hizi zisichanganywe. Mwenye kuomba viza ya mchumba hali amekwisha kufunga ndoa, aweza kukataliwa kwa sababu yeye si mchumba tena. Mweleze konsuli mambo yalivyo, hata habari za mahari na sherehe. Uwongo mdogo ulioandikwa katika karatasi leo waweza kuvunja nyumba miaka kumi baadaye.

Siku za kwanza

Aliyeingia kwa viza ya ndoa apigwa muhuri katika paspoti yake. Viza yenye muhuri huo ni ushuhuda wa ukaaji wake kwa muda wa mwaka mmoja, nayo yamruhusu kufanya kazi. Kama alikabidhiwa bahasha iliyofungwa, asiifungue njiani. Aitoe kwa afisa wa mpakani kama ilivyo.

Kadi yenyewe huja kwa posta. Lakini haitatengenezwa kama ada ya mhamiaji haijalipwa. Tangu Aprili 2024 ada hiyo iliwekwa kuwa dola 235. Kwa kuwa ada hubadilika, itazameni upya kabla ya kulipa. Anwani pia ni jambo kubwa. Mkihama nyumba, ni lazima kuijulisha idara ya uhamiaji katika siku 10. Wengi wamepotewa na kadi au wamekosa wito wa serikali kwa sababu barua ilifika nyumba waliyokwisha kuihama.

Jambo la tatu ni namba ya hifadhi ya jamii, ambayo bila hiyo mwajiri hawezi kuandika mshahara vizuri. Kama haikuombwa pamoja na viza, mgeni aende mwenyewe katika ofisi ya hifadhi ya jamii akiwa na paspoti yake.

Kadi ya miaka miwili

Hapa twaomba mtusikilize sana. Kwa sheria ya mwaka 1986, mtu aingiaye Marekani hali ndoa yake haijatimiza miaka miwili hupewa kadi ya muda wa miaka miwili tu. Ihesabiwayo ni siku ya kuingia, si siku ya kuomba. Aliye na ndoa ya miaka miwili au zaidi hupata kadi ya miaka 10.

Mwenye kadi ya miaka miwili ana kazi moja asiyopaswa kuisahau. Katika siku 90 za mwisho, kabla kadi haijaisha, mume na mke hupeleka pamoja fomu I-751, kuomba sharti hilo liondolewe. Wasingoje barua ya kuwakumbusha. Siku ikipita bila ombi, ukaaji wakoma, na mtu aweza kuitwa mbele ya hakimu ili arudishwe kwao.

Katika ombi hilo serikali huuliza kama hawa wawili waliishi kweli kama mume na mke. Majibu yake hayapatikani kwa siku moja. Ni hati ya nyumba yenye majina mawili, akaunti ya benki ya wote wawili, kodi waliyotangaza pamoja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha za miaka hiyo. Wekeni sanduku moja tangu juma la kwanza, na kila hati iingie humo. Ndoa ya kweli isiyo na karatasi yaweza kushukiwa kama ya uwongo.

Ama ile ya uwongo, iliyonunuliwa kwa feza ili mtu apate kadi, sheria yaiadhibu kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 5 na faini inayoweza kufika dola 250,000. Nalo Kanisa lafundisha kwamba pasipo nia ya kweli ya kuoana hakuna ndoa. Mtu wa namna hiyo ameidanganya serikali, na ameifanyia mzaha Sakramenti.

Kadi si fimbo

Twasikia kwamba waume wengine humtisha mke wakisema: «Mimi ndimi niliyekuleta, nikipiga simu, kesho utarudi Kongo.» Maneno hayo si kweli. Kadi ni ya mke mwenyewe, na mume hana mamlaka ya kuifuta. Paspoti na kadi zikae mkononi mwa mwenyewe, si kabatini mwa mwenzi.

Kama mwenzi amekufa, kama ndoa iliyofungwa kwa nia njema imevunjwa na mahakama, au kama kuna mapigo na mateso, sheria yamruhusu mtu kupeleka ombi peke yake, bila sahihi ya mwenzake. Tena, tangu sheria ya mwaka 1994, mke au mume anayeteswa na mwenzi aliye raia au mkaaji wa kudumu aweza kujiombea mwenyewe kadi. Simu ya msaada kwa wanaopigwa nyumbani ni 1-800-799-7233. Hupokelewa mchana na usiku, na wakalimani wapo. Dada, iandike namba hiyo kabla ya kusafiri. Kumheshimu mume si kukubali kupigwa.

Ijulikane pia kwamba aliyemwombea mwenzake ameweka sahihi ya kumtunza, na kuachana hakumfungui. Ahadi hiyo yadumu mpaka aliyeletwa awe raia, au ahesabiwe kazi ya miaka kama 10, au aondoke nchini moja kwa moja, au mmoja wao afe.

Siku 90 na altare

Wakatoliki wenye viza ya mchumba wana tatizo lao. Sheria ya nchi yawapa siku 90, lakini parokia nyingi za Marekani huomba matayarisho ya miezi sita au zaidi kabla ya ndoa. Wengi hujikuta mbele ya hakimu tu, wakisema: «Kanisani tutakwenda baadaye.» Miaka yapita, nao wakaa mbali na Komunyo.

Dawa ni kuanza mapema. Viza ingali inangojewa, nendeni kwa padri wa parokia yenu hapa. Fuateni mafundisho ya ndoa. Chukueni cheti kipya cha ubatizo na barua ya kushuhudia kwamba mko huru. Mchumba aliye ng'ambo azungumze na padri wa huko wakati huo huo. Mapadri wawili wakiandikiana mapema, siku 90 zaweza kutosha.

Kwa jamaa waliobaki nyumbani

Nanyi wazee, mjue mambo mawili. Kwanza, msiombe feza tangu mwezi wa kwanza. Aliyekwenda kama mchumba hana ruhusa ya kazi bado, na nyumba changa ina deni la safari.

Pili, msimshurutishe kurudi kwa matanga kabla hajauliza sheria. Anayengoja kadi baada ya viza ya mchumba, akitoka bila kibali cha kusafiri, ombi lake huhesabiwa limeachwa. Hata mwenye kadi, akikaa nje zaidi ya miezi sita, ataulizwa maswali. Akipita mwaka bila kibali, aweza kupoteza ukaaji wake. Ni uchungu kumlilia baba kutoka mbali. Lakini asiyekuja si kwamba amewasahau.

Mwisho, uraia. Anayeishi na mwenzi raia aweza kuuomba baada ya miaka mitatu ya ukaaji. Wengine husubiri mitano. Kabla ya hapo asipige kura ya taifa kamwe, hata akisukumwa na rafiki, maana kosa hilo laweza kumfukuzisha.

Mwenye shida aende kwa wanasheria wenye ruhusa. Maaskofu wa Marekani walianzisha mwaka 1988 chama kiitwacho CLINIC kusaidia kazi hiyo, na katika majimbo mengi Catholic Charities huwasaidia wahamiaji kwa ada ndogo. Ulizeni parokiani.

Wazazi huwapa binti zao vitenge na sufuria siku ya kuondoka. Wawape pia daftari lenye tarehe hizi: siku ya kuingia, siku kadi inapokwisha, na siku 90 zinazoitangulia. Mungu awalinde wasafiri, na azidumishe nyumba zao katika ukweli.